Fungu la Watoto

Nyinyi vijana wa mtaa wetu wa Gurei hapa Juba mtakaosoma haya, wengi wenu mikono ya mwanamke mmoja ndiyo iliyowapokea duniani, na hamjui hata alikuwa anakula nini. Kaeni niwaambie. Na msiniulize kwa nini naanza na chakula. Mtu aliyehama nchi usimuulize anatoka wapi, atakupa jibu la kanisani. Mwangalie akila.

Tulimwita Mkunga, basi. Sitawaambia alizaliwa wapi wala ni binti wa nani, maana hata yeye akiulizwa alijibu, "Uliza mtoto amekaa vipi tumboni, hayo mengine hayazalishi." Itoshe kwamba alikuwa Mkenya wa upande wa Kitale, mjane, na alikuja Juba kufanya kazi kwenye zahanati ili mwanawe wa pekee asome. Mtoto alimwachia dada yake. Alisema atakaa muda mfupi, kisha arudi akae mezani na mwanawe kama mama yeyote. Muda mfupi ukawa miaka. Mtoto akawa mwanamume, akaoa.

Hofu ya Mkunga ilikuwa moja na hakuificha: kwamba siku moja atarudi kwake akute hajui tena kula na mwanawe. Mimi niliona ni maneno ya mtu aliyeshiba. Kula na mtoto uliyemzaa kunahitaji kujifunza nini? Nilikuwa jirani yake, ukuta wa matete ndio uliotutenganisha, na ukuta wa matete si ukuta. Harufu inapita, maneno yanapita, hata bakuli linapita. Kwa hiyo ninayosema niliyaona, na mengine niliyanusa.

Alipofika alikuwa mtu wa unga mweupe wa mahindi, sukuma wiki, na chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa na rangi ya udongo. Unga na majani ya chai aliletewa na watu wa basi kutoka kwao. Chai yetu ya glasi ndogo, isiyo na maziwa, yenye tangawizi na sukari nyingi, aliitazama akasema, "Haya ni maji ya kusuuzia kikombe." Kisra nilipompa mara ya kwanza, aliishika kwa vidole viwili, akaiinua, akaona jua upande wa pili.

"Mama, hiki ni chakula ama ni kitambaa cha meza?"

Sikukasirika. Kisra ninaipika na kuiuza sokoni, nimesikia matusi yake yote. Ni mtama uliochachushwa ukatandazwa mwembamba juu ya chuma cha moto, na mtu asiyezoea anaona ni ngozi ya kitu. Wanangu wenyewe, niliporudi nao kutoka ukimbizini Kenya, waliiita karatasi. Na mimi, siku ya kwanza nilipopakuliwa ugali wa mahindi kule kambini, nililia. Watu walidhani naililia nchi yangu. Nilikuwa nalia kwa sababu ulikuwa kama asida, ugali wetu wa mtama, iliyosahauliwa kuchachushwa, mzito, mtamu mtamu, hauna hata neno la kusema. Miaka ikapita, nikarudi Juba, na wiki ya kwanza nilihangaika sokoni natafuta unga wa mahindi kama mwizi. Kwa hiyo sikumcheka Mkunga. Yeye mwenyewe alikuwa na usemi wake: "Mguu ukivuka mpaka, ulimi unabaki upande ule unasubiri kubebwa."

Ulibebwa kwa lazima. Kulikuwa na wakati barabara ya Nimule inayotoka mpakani haikupitika, mabasi hayakuja, unga wake ukaisha. Alikula mkate na chai mpaka nikaona shingo imekuwa nyembamba. Nikapitisha bakuli la asida na kombo juu ya matete. Kombo ni majani yaliyopikwa na njugu zilizosagwa, hakuna mtu mwenye akili anayeikataa.

"Huu ugali umeharibika," akasema kutoka upande wake.

"Haujaharibika. Umechachushwa."

"Tofauti ni gani?"

"Ulioharibika ungeutupa. Kwa huu utarudisha bakuli tupu."

Bakuli lilirudi tupu. Hakusema asante, alisema tu kwamba chumvi ilikuwa kidogo. Barabara ilipofunguka akaletewa unga wake, akaupika, akala, akaniita. "Mama, hebu onja. Kuna kitu wamepunguza." Nikaonja. Hakuna kilichopunguzwa. Nilimwambia hivyo, akakasirika, akasema watu wa kinu siku hizi ni waongo.

Sasa niwaambie tabia yake iliyowakera watu. Akiingia nyumba ya mzazi alinawa mikono, kisha badala ya kwenda kwa mgonjwa alikwenda jikoni kufunua sufuria. Zote. Hata za jirani kama jiko ni moja. Watu walisema huyu mwanamke ni mlafi, anatafuta nyama kabla ya kazi. Muuza samaki mmoja aliyekulia Uganda alimwambia machoni, "Mkunga, wewe iko na mtoto tumboni ama iko na njaa?" Mkunga hakugeuka. Alisema, "Mtoto hanyonyi titi, ananyonya sufuria," akaendelea kufunua. Akikuta sufuria ni maji na chumvi, alimtoa mume nje akamsema mpaka majirani wakafunga milango kwa aibu ya kusikia. Na mume alikwenda kutafuta samaki. Muuza samaki yule baadaye alimpenda sana, kwa sababu ambayo mnaielewa.

Lakini msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwakataza wazazi soda, na yeye alikunywa soda baridi akisimama nyuma ya zahanati, chupa ameificha kwenye mfuko wa koti. Aliwaambia wenye presha waache chumvi, na sufuria yake ya mboga ingeweza kuhifadhi samaki. Alisali kabla ya chakula sala ndefu mpaka mchuzi ukaota ngozi, halafu alikula haraka kuliko sisi wote. Watu wa Juba tunakula kwa mazungumzo. Yeye alikula kama mtu anayeitwa wakati wowote, na kweli aliitwa wakati wowote. Nilimwambia, "Tafuna, mtoto hatazaliwa mdomoni mwako." Akasema, "Nyamaza mama, we hujui," akiwa na mdomo umejaa.

Na hapo ndipo penye jambo la sinia.

Binti yangu alipojifungua salama mikononi mwake, tulimwita nyumbani kula. Kwetu wageni huwekewa sinia moja, kisra imekunjwa pembeni, bakuli za mchuzi katikati, na wote wanakula humo kwa mkono. Mtu mzima akila anajua kwamba watoto wanangoja. Hawasemi, wamekaa kando ya nyumba wanachora chini kwa vijiti, lakini wanangoja. Ukishiba kidogo unaondoa mkono, unasema kalas, imetosha, na sinia inapelekwa kwa watoto. Nyama nzuri unaisukuma pembeni ibaki. Hakuna anayefundishwa haya. Unakua ukiwa umekaa upande wa kungoja, ndipo siku moja unajikuta upande wa kula.

Mkunga alikulia mahali ambapo kubakisha chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Kwa hiyo sisi tukaondoa mikono, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaona hatari: chakula kinabaki, mwenyeji ataumia. Akakaza. Akala ya kwake, akala ya kwetu, akapangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha kisra, akanitazama kwa fahari kama mtu aliyebeba mzigo wako mpaka nyumbani. Watoto waliona sinia ikipita, chuma kinang'aa.

Ikawa hivyo kila alipoitwa, na aliitwa sana, maana alizalisha sana. Nyumba baada ya nyumba alikula mpaka mwisho, akiwa na jasho, wakati mwingine akishika tumbo. Watoto wakampa jina: Fagio. Akipita njiani walijikunja kwa kicheko, na yeye akawapungia mkono akidhani wanampenda. Wanawake wote walijua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hiyo nayo ni aibu, kumhesabia mgeni matonge.

Mimi nilimwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anachambua mtama.

"Mkunga, wewe unakula chakula cha watoto."

"Watoto gani?"

"Wote. Gurei nzima."

Nikamweleza. Mkono wake uliendelea kutoa mawe kwenye mtama.

"Na miaka yote hii mlikuwa mnaniangalia tu?"

"Tulikuangalia. Ulikuwa unakula vizuri."

"Mnajua nilikuwa naumwa tumbo? Mnajua nilikuwa nakunywa dawa kabla ya kuja kwenu?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka siku ile. Kesho yake alipika sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharage kama kwao, akaiweka nje ya mlango, akawaita watoto wote waliokuwa wakimwita Fagio. Walikula wakaimaliza, wakaacha mahindi machache chini ya sufuria. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hayo wamemwachia nani?" Nikamwambia hayo hawakuyapenda tu.

Tangu hapo akawa wa kwanza kuondoa mkono. Alikuwa mtu wa kupita kiasi: alipokuwa anamaliza alimaliza kabisa, na sasa alipojifunza kuacha aliacha nusu. Hata akila peke yake kwenye sahani yake, aliacha kipande safi pembeni, kimepangwa vizuri, halafu akatazama huku na huku kuona mtoto gani anapita. Na daima kulikuwa na mtoto anapita. Hii ndiyo Juba.

Tabia hiyo ndiyo iliyomtia motoni kwake.

Alikwenda likizo Kitale. Alikuwa amengoja likizo ile kwa sababu mwanawe alikuwa amejenga na alitaka mama aione nyumba. Alirudi kabla likizo haijaisha, na nilijua kuna jambo kwa sababu alipitia kwangu kabla ya kufungua mlango wake, begi bado liko mkononi.

"Waliniwekea sahani yangu," akasema. "Ugali, nyama, mboga. Mkwe wangu alikuwa amepika tangu asubuhi. Nikala, nikashiba. Nikaacha kipande cha ugali na nyama pembeni. Pasafi kabisa, kama ninavyofanya kwako. Kijana akaangalia sahani, akasema, Mum, tangu lini unabakisha? Si ni wewe ulikuwa unanichapa nikibakisha?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, hilo ni fungu la watoto."

Nikajua. Alikuwa amenisimulia mara nyingi habari za yule mkwe. Wenzake walioolewa wakati mmoja naye walikuwa na watoto wa shule, na yeye hakuwa na hata mmoja. Alikuwa amezunguka hospitali mpaka akachoka kuzunguka. Na mama mkwe wake, mkunga mzima, anayepokea watoto wa watu nchi nyingine, amekuja kwenye nyumba isiyo na mtoto, amekaa mezani kwake, ameweka fungu la watoto.

"Si ungeeleza ni desturi ya huku?"

"Nilieleza, mama. Nilieleza sinia, nikaeleza watoto wanavyokaa kando, nikaeleza mpaka jina la Fagio ili mkwe acheke. Kila neno nililoongeza lilikuwa linamchoma. Alisimama akachukua sahani, akaenda nje akawamwagia kuku. Taratibu. Hata sahani hakuirusha."

Tangu siku ile mkwe hakushika simu. Mkunga akipiga Jumapili, mwanawe alisema anaoga. Jumapili nyingine, anaoga. "Huyu mwanamke atakwisha kwa maji," Mkunga aliniambia, na akajaribu kucheka. Hakwenda likizo tena. Alisema kazi ni nyingi, na ilikuwa nyingi, lakini ilikuwa nyingi hata kabla.

Miaka hiyo ya mwisho ndiyo alikula kama sisi kabisa. Asubuhi maharage ya ful na mkate, chai bila maziwa, glasi ndogo aliyoishika juu ukingoni kwa ncha za vidole kama mwanamke aliyezaliwa mtaa wa Juba Na Bari. Wakenya wenzake waliofanya kazi kwenye ofisi za mtaa wa Thongpiny walimwalika chapati na nyama choma, akaenda, akarudi akilalamika kwamba kila mtu alikula amegeukia simu yake. Aliwapelekea bamia kavu siku moja, wakamuuliza kama ni dawa. Alikuwa sasa hana pa kula ila kwetu, na alijua. Alikuwa akifanya mazoezi ya kuomba msamaha. Ndiyo, mazoezi. Alikuja kwangu akanikalisha, nikawa mimi ndiye mkwe. "Binti yangu, maneno yangu yalikuwa ya kipumbavu." Nikamwambia huo ni mwanzo wa hotuba ya diwani. Akaanza upya. "Mwanangu, nilikuumiza bila kujua." Nikamwambia hilo ni bora kidogo. Alikuwa na maneno mazuri mengi mwishoni, na hakuwa na masikio ya kuyapelekea.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kiangazi kilichopita. Miguu ilikuwa imevimba, zahanati ilikuwa imempumzisha, na mwanawe alikuwa amekuja kumchukua. Nilikwenda na kisra na kombo. Nikamkuta kijana amekaa juu ya sanduku la mamake, anakula mkate na soda.

"Shosh, sasa?" akanisalimia, kwa lugha yao ya mjini ya kumwita bibi.

"Mimi si sasa. Salimia vizuri."

Akasimama, mrefu, mdomo ni wa mamake kabisa. "Hujambo, mama. Pole."

"Sijambo. Fadal, karibu chakula."

Mkunga akasema kutoka kitandani, "Usimlazimishe, tumbo lake ni la Kitale."

"Simlazimishi. Ninaweka hapa tu."

Tukaanza kula, mimi na Mkunga. Kijana akatazama, kisha akasogea, akararua kisra kidogo, akachovya kombo kwa ncha ya vidole. Akatafuna. Akararua tena.

"Mum, hii ndiyo unakulanga?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Siku ikiwa nzuri."

Akapangusa vidole. "Sasa nyumbani utakula nini?"

Mkunga alikuwa amefungasha kila kitu, sufuria amezigawa, mimi nimepata ile kubwa, lakini swali hilo alikuwa hajalifungasha. Alitazama mlango. Nadhani kama mtu angemwambia basi limeharibika angefurahi.

"Hata mke wangu anauliza," kijana akasema. "Anauliza tangu juzi, mimi sijui nimwambie nini. Ongeeni wenyewe." Na kabla mamake hajakataa akawa amepiga, ameweka sauti kubwa, ameiweka simu juu ya kitanda kati yetu.

Ililia, ikalia. Nikafikiri anaoga. Kisha ikapokelewa.

"Mama," sauti ikasema.

"Ndiyo, mama," Mkunga akajibu.

"Mnatoka lini?"

"Kesho asubuhi, Mungu akipenda."

Upande wao jogoo aliwika mchana, kama jogoo asiye na adabu.

"Mimi nataka kujua unakula nini siku hizi," mkwe akasema. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Uniambie wazi, nikupikie hicho. Kama ni cha huko nitauliza watu. Mimi sitaki kuona tena kitu kimebaki kwa sahani yangu. Sitaweza, mama."

Kijana akainamisha kichwa. Mimi nikamtazama Mkunga, nikangoja yale maneno mazuri, maana nilikuwa nayajua kwa moyo na kama angekwama ningemkumbusha. Hakuyasema hata moja. Alijiinua kwenye mto, akapangusa mkono kwenye leso taratibu, kidole kwa kidole, na alipofungua mdomo ilikuwa ile sauti yake ya kazini, ile mama zenu wanaijua, ambayo hata waume nje ya mlango waliitii.

"Nisikilize. Tukishuka stendi huyu atakupigia. Ukiona simu yake, weka maji motoni. Usikate mboga, usisonge, usipakue, usitandike meza. Usitie kitu chochote. Weka maji tu, uningoje mlangoni, tuingie jikoni pamoja."